Chuma Kilichoandikwa Kuni

Philomène alikuwa na mkono usiotetemeka. Masista waliomfundisha uuguzi kule Kambove waliliona hilo mapema, wakamzoeza kazi ambayo wenzake waliiogopa: kutoa vichafu machoni mwa watu. Kufikia mwaka 1974, akiwa na miaka thelathini na minne, hakuna mwingine katika dispensari yetu aliyeishika sindano ya kuvitolea. Mgonjwa alilala chali, akatiwa matone ya ganzi, akaambiwa atazame taa ya dari. Philomène aliinama, akabana pumzi, na mgonjwa akiwa bado anangoja kuumizwa, kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya ulezi kilikuwa kimeshatua kwenye pamba.

Dispensari ilikuwa ya kampuni moja ya malori hapa Likasi. Malori yetu yalibeba mawe ya shaba kutoka Kambove na Kakanda. Kampuni ilikuwa na karakana yake, na nyuma ya karakana mistari mitatu ya nyumba za matofali ambamo sisi wafanyakazi tulikaa. Mimi nilikaa nyumba ya tatu kutoka kwa Philomène; mume wangu alikuwa dereva. Haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine aliniambia mwenyewe tukipanga foleni ya maji bombani.

Siku yake ya kazi nyingi ilikuwa Jumatatu. Ndani ya karakana mafundi walivaa miwani ya kazi, ile mikubwa yenye kioo kinene na mpira pembeni, na msimamizi alimfukuza kwenye jiwe la kunolea yeyote asiyevaa. Lakini jioni miwani ilihesabiwa na kutundikwa kwenye misumari, na getini walinzi walipapasa mifuko ya kila mtu anayetoka. Jumapili, nyumbani, fundi yuleyule alitandika kikatoni chini ya gari la shemeji au la jirani, akalala chali macho wazi, akaanza kugonga juu. Kutu na mchanga vilimwangukia usoni kama mvua. Jumatatu alfajiri alikuwa kwenye benchi la dispensari, jicho jekundu, machozi yanamtoka.

Wote walisema ni mdudu. Ilibidi waseme hivyo, kwa sababu mafundi wa kampuni walikatazwa kutengeneza magari ya watu nyumbani. Philomène aliandika mdudu kwenye daftari na hakuuliza zaidi.

"Badudu ba huku Likasi biko na kutu," aliniambia siku moja, na hakucheka.

Alijua anachosema, kwani mmoja wa watu hao alilala kitandani mwake. Mume wake, Hilaire, alikuwa fundi wa springi na gia, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno. Baba yake alitoka Kasai zamani kufanya kazi ya reli, akafia hapa, na Hilaire hakuwa na kijiji cha kurudi wala ndugu wa kumpokea. Alikuwa na kazi yake na ile nyumba, na nyumba ilikuwa ya kazi. Mtu aliyefukuzwa alipewa siku thelathini atoe vyombo vyake. Tuliwahi kumwona jirani yetu Dunia akivitoa vyake, godoro na masufuria vikikaa njiani tangu asubuhi hadi lori la kuazima lilipokuja. Kosa lake lilikuwa glavu mbili za ngozi walizomkuta nazo getini. Hilaire na Philomène walikuwa na watoto wanne, na mkubwa, Hortense, alikuwa akisoma kwa masista.

Mkuu wa karakana aliitwa citoyen, yaani raia, Kisimba. Kabla ya ile amri ya serikali ya kuacha majina ya kizungu, ambayo majumbani kwetu hatukuifuata, tulimwita shefu Georges, na wake za mafundi waliendelea kumwita hivyo wakiwa peke yao. Alikuwa na Peugeot 404 ya kijivu aliyoipenda. Mara ya kwanza alipoileta kwa Hilaire aliomba kwa adabu kabisa, amsaidie mara moja tu, breki zinalia. Mara ya pili hakuomba. Kuanzia hapo, karibu kila Jumapili baada ya misa, gari lile liliingia uani kwa Philomène na kusimama kati ya kamba ya nguo na jiko la nje, na watoto waliitwa ndani. Hilaire hakukataa, kwa sababu Kisimba ndiye aliyeandika majina ya mafundi wanaobaki Likasi na wanaopelekwa kwenye vituo vya porini, na ndiye aliyesema nani anajua kazi na nani hajui.

Philomène aliyahofia macho ya mume wake kama mwingine anavyomhofia mtoto achezaye karibu na kisima. Kila Jumapili alimsubiri atoke chini ya gari, akamkalisha kwenye kiti na kumwangalia jicho moja moja kwa tochi. Mara tatu alimtoa vipande. Alimwomba jirani yetu Swedi, mfanyabiashara aliyekuwa na lori lake la kwenda Lubumbashi, amtafutie miwani ya kazi. Swedi alizunguka maduka, akarudi na miwani ya jua. Hilaire aliivaa Jumapili moja. Chini ya gari ilikuwa giza tupu, hakuona hata boliti aliyoishika, akaivua na kuiweka juu ya tairi.

Ndipo Philomène alipomwendea Kisimba mwenyewe ofisini. Alivaa kitenge kizuri, akasimama mlangoni mpaka alipoitwa. Alimwambia kwamba saini yake moja tu ingetosha miwani moja itoke getini, ikae nyumbani kwa Hilaire kwa ajili ya Jumapili. Kisimba hakukasirika. Alimsikiliza huku akizungusha kalamu mezani.

"Mama, kama ninasaini miwani itoke, bataniuliza inaenda kufanya nini," alisema. "Weye ungejibu nini?"

Philomène alishukuru, akatoka.

Jumapili ile iliyoharibu kila kitu ilikuwa ya mwezi wa kumi, mwaka 1975, siku zile za joto kabla mvua hazijaanza. Kisimba alikuwa na safari ya kwenda Koni kwenye sherehe ya ndugu yake, na gari lilikuwa linagonga nyuma kila likipita shimo. Hilaire aliona ni boliti ya kushikilia springi, imeliwa na kutu mpaka haifunguki. Alichukua tindo na nyundo. Kichwa cha tindo hilo kilikuwa kimepondeka kwa kupigwa miaka mingi, kikafanya midomo pembeni kama uyoga. Fundi yeyote anajua kwamba midomo ile siku moja huruka. Kisimba alikuwa amesimama na funguo mkononi, akitazama saa.

Hilaire alisema baadaye kwamba alisikia kitu kidogo tu, kama mbu amemgusa. Hakuumia. Alipangusa jicho la kushoto kwa mgongo wa mkono, akaendelea kugonga, boliti ikatoka, akaweka nyingine. Kisimba aliondoka. Philomène alikuwa kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake upande wa Kikula, akarudi jioni wakati wa kula. Ugali ulikuwa mezani. Hilaire alichukua jagi amimine maji, na maji yakamwagika mezani, kando ya kikombe.

Watoto walicheka. Philomène aliweka kijiko chini, akaleta tochi.

Pembeni ya duara jeusi aliona mstari mfupi, mwembamba kama uzi. Hakukuwa na chuma juu ya jicho. Mboni, iliyotakiwa kuwa ya mviringo, ilikuwa imevutwa upande mmoja, imechongoka kama tone la maji linalotaka kuanguka. Philomène alizima tochi. Chuma kilikuwa kimeingia ndani, na sindano yake huko haikuwa na kazi.

Daktari wa kampuni alikuja dispensari Alhamisi tu. Kwa jambo kama hili mgonjwa alipaswa kupelekwa hospitali kubwa Lubumbashi, na ili apokelewe ilihitajika karatasi yenye saini ya mkuu wake wa kazi. Karatasi ile ilikuwa na mistari mitatu: kitu gani kimeingia, wapi, na kwa namna gani. Jumatatu asubuhi, kabla benchi halijajaa, Philomène aliandika kwenye mstari wa kwanza neno chuma, akavuka uwanja hadi ofisi ya Kisimba.

Kisimba aliisoma karatasi akiwa amesimama. Kisha alifunga mlango.

"Hii chuma ilitoka wapi?" aliuliza.

"Unajua kwenye ilitoka, citoyen."

Kisimba alikaa, akamweleza polepole, kama mtu anayemsaidia. Wakiandika chuma, kazini, tume itakuja karakana, itauliza mashine ipi na saa ngapi, na Jumapili karakana ilifungwa. Wakiandika chuma, nyumbani, wataulizwa gari la nani, na Hilaire atafukuzwa siku hiyohiyo kwa kazi ya binafsi. Yeye Kisimba pia ataitwa, lakini yeye ana watu wa kumsemea. Hilaire ana nani? Alitoa karatasi nyingine, safi, akaisukuma mezani.

"Andika kuni. Alikuwa anapasua kuni nyumbani."

Philomène alimwambia jambo ambalo alidhani Kisimba halijui. Kule hospitali walikuwa na sumaku kubwa ya macho. Jicho lenye chuma walilipiga picha, wakaona kilipo, sumaku ikakivuta. Jicho lenye kuni hawakulipiga picha wala kuliwekea sumaku. Walilisafisha, wakalifunga, wakangoja. Na chuma kikingoja ndani ya jicho, jicho linaoza.

"Sikusema asiambie daktari kwa mdomo," Kisimba alijibu. "Mdomo iko yake. Karatasi iko yangu."

Philomène alisikia malori yakiwashwa nje. Alifikiria jicho, kisha akafikiria godoro la Dunia njiani, kisha jicho tena, na kila upande aliogeukia alikuta ukuta. Mwishoni aliona ule ufa mdogo alioachiwa: karatasi iseme kuni, mdomo useme chuma. Akachukua kalamu. Akaandika kwamba kipande cha kuni kilimrukia mgonjwa nyumbani kwake. Mkono wake haukutetemeka, na jambo hilo ndilo lililomuuma kuliko yote alipolikumbuka. Kisimba akasaini.

Alitaka kusafiri na mume wake, lakini mwenzake wa dispensari alikuwa na homa na mkuu wa wauguzi alimkatalia. Aliyepewa kazi ya kumpeleka Hilaire kwa pikapu alikuwa karani Stanislas, mtoto wa dada yake Kisimba. Philomène alimvuta mume wake kando ya ukuta, akamrudia maneno mara mbili: karatasi isikusumbue, ukifika kwa daktari sema chuma, sema nyundo na tindo. Hilaire, kitambaa kimefungwa jichoni, alisema amesikia.

Stanislas alirudi Jumatano adhuhuri. Alipita dispensari kuleta risiti ya kupokelewa kwa mgonjwa, akiwa amefurahi kwamba kazi imekwisha vizuri. Alisema jicho limesafishwa na kufungwa, watamkalisha wiki moja wakiangalia.

"Na mzee alijibu muzuri sana," aliongeza. "Daktari aliuliza ni nini, akasema kuni. Minye nilikuwa palepale."

Philomène alisimama na ile risiti mkononi. Kulikuwa na mwanamke amelala mezani akingoja sindano ya mguu, akamdunga, akafunga, akaandika. Lori la Swedi lilikuwa linaondoka Alhamisi asubuhi na magunia ya mahindi. Bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote, alivua koti jeupe Jumatano jioni, akaliacha kwenye msumari, na kulipokucha alikuwa ameketi mbele kati ya Swedi na mke wake Mayimuna, mkoba mapajani. Mayimuna aliniambia kwamba njia nzima hakusema isipokuwa mara moja, kuuliza kama lori halingeweza kwenda kasi zaidi.

Daktari wa macho alikuwa mtu mfupi mwenye mvi, wa Kongo yetu hii, aliyechoka. Philomène alimngoja kwenye korido, akajitambulisha kwamba ni muuguzi, kisha akamwambia kila kitu kwa sentensi mbili. Daktari aliitafuta karatasi kwenye faili.

"Nani aliandika hii?"

"Minye, daktari."

Daktari alimtazama, kisha akaitazama tena karatasi, na hakumuuliza sababu. Labda alikuwa ameshaziona nyingi za namna ile. Hilaire alipigwa picha saa hiyohiyo. Chuma kilionekana cheupe ndani ya duara la jicho, kama kipande cha punje ya mchele. Mchana wakakivuta kwa sumaku. Kilitoka, lakini siku ilikuwa ya nne na usaha ulikuwa umeshaanza. Jicho halikung'olewa. Baada ya majuma mawili Hilaire aliweza kulitumia kujua dirisha liko upande gani, na halikupata kuona zaidi ya hapo.

Kulikuwa bado na karatasi ya kutoka. Daktari alisema hawezi kuandika kuni, kwa sababu chuma amekishika kwa mkono wake. Philomène alimweleza habari ya nyumba. Daktari akaandika chuma kwenye kitabu cha hospitali, ambacho hakitoki, na kwenye karatasi ya kurudi kazini akaandika: kitu kigeni kimetolewa jichoni. Philomène alikunja karatasi hiyo kwa uangalifu. Lilikuwa neno ambalo halikumdanganya mtu wala kumfukuza mtu.

Siku ile ya sumaku, Hilaire alipoamka, walibaki wawili kwenye wodi. Alimuuliza mume wake kwa nini hakusema.

"Stanislas alikuwa pale mlangoni," Hilaire alisema. "Nilifungua mdomo niseme chuma, nikaona batoto na vyombo njiani. Kuni ikatoka yenyewe."

Philomène alikuwa amekuja na hasira ya kutosha safari nzima. Lakini alimwambia tu alale, kwa sababu maneno yaleyale aliyotaka kumlaumu nayo ndiyo aliyoyaandika yeye kwa wino.

Aliporudi Likasi alikuta barua. Kwa kuacha kazi bila ruhusa alinyimwa likizo ya mwaka ule, na onyo likawekwa kwenye faili lake. Hilaire alitolewa kwenye kazi ya springi, akapewa kuosha vyuma kwa petroli kwenye beseni, kazi ya wanaoanza. Hawakufukuzwa. Nyumba ilibaki yao. Wake za mafundi na madereva tulikwenda kuwapa pole na vikapu vyetu vya unga, tukasema Mungu amesaidia, na Philomène alitushukuru sote kwa zamu. Nilipofika mimi alinishika mkono, akauacha.

Jumapili mbili Kisimba hakuonekana. Jumapili ya tatu baada ya Hilaire kurudi, tulisikia gari lile likikata kona. Liliingia uani, likasimama palepale. Kisimba alimuuliza Hilaire habari za afya kwa sauti ya chini, akasema radieta inavuja kidogo, si kazi kubwa. Hilaire alifungua boneti. Philomène alikuwa dirishani. Aliona mume wake akigeuza kichwa chote, kama kuku, ili jicho moja lifikie pande mbili, na akaelewa kwamba safari hii hakuna jicho la akiba.

Alilala na wazo hilo juma zima. Dispensari ilikuwa na mashine ya kupiga picha za kifua, kwa sababu ya vumbi walilovuta madereva, na mashine ilikuwa mbovu. Picha nyingi zilitoka nyeusi au zimetikisika, zikachomwa nyuma ya jengo. Philomène alijua kwamba weusi ule ni utando tu, na chini yake kuna karatasi ngumu inayopitisha mwanga, ambayo ukiikunja hairaruki. Alichukua tatu kutoka kwenye pipa la kuchomea. Akaziloweka kwenye beseni la maji ya javel, ile dawa ya kung'arishia nguo, uani kwake, akazisugua kwa kitambaa. Weusi ukatoka vipande vipande, zikabaki safi, za rangi ya samawati hafifu, isipokuwa moja iliyobaki na kivuli cha mbavu za mtu. Swedi alimpa mpira wa ndani wa tairi la lori. Philomène aliukata mikanda, akakunja ile karatasi safu mbili, akaishona kwenye mpira kwa uzi wa magunia, ikafunika uso kuanzia paji hadi chini ya pua, na pembeni ikakaza kwenye mashavu. Aliijaribu yeye mwenyewe: alimwambia Hortense amrushie mchanga usoni kwa nguvu. Mtoto aliogopa, akarusha kidogo. Akamwambia tena.

Hilaire hakuitaka. Alisema inampa joto, pumzi inafanya ukungu, wenzake watamcheka. Philomène akatoboa vitundu juu na chini, ukungu ukapungua. Ndipo Hilaire akatoa sababu ya kweli: shefu akiiona atadhani anamsema. Itakuwa kama kumwambia, gari lako lilinitoboa jicho.

Hivyo walibishana hadi Jumapili, na gari likaingia. Safari hii ilikuwa bomba la moshi, kazi ya chini, kazi ya nyundo. Kisimba alishuka. Hilaire alitandika kikatoni chake, akapiga magoti. Philomène alitoka jikoni na ile kinga mkononi, akamfikia mume wake mbele ya mkuu wake, jambo ambalo hakuna mwanamke wa mtaa wetu aliyewahi kulifanya, akasema bila kupaza sauti:

"Jicho ya kwanza uliwapa. Hii ya pili iko yangu. Vaa."

Mimi nilikuwa naanika nguo upande wa pili wa ua. Nilishikilia shuka hewani, nikasahau kuitundika. Hilaire alimtazama mke wake kwa jicho lile moja. Kisha akaipokea, akaivuta kichwani, akalala chini na kuingia chini ya gari.

Kisimba aliuliza ile ni kitu gani.

"Ni picha ya kifua, citoyen," Philomène alijibu. "Siku hizi kuni inaruka sana."

Kisimba alikwenda kusimama kando ya ukuta, mbali na kamba ya nguo, mpaka kazi ilipokwisha. Sisi tulidhani kesho yake Hilaire atafukuzwa. Hakufukuzwa. Hata adhabu haikuja. Jumapili iliyofuata Kisimba alileta gari kama kawaida. Hilo ndilo lililomvunja Philomène nguvu kidogo. Aliniambia alikuwa ameshajiandaa kwa kila jambo, kwa ghadhabu, kwa barua, hata kwa mikeka njiani. Hakujiandaa kwa jambo la kwamba anaweza kusema lile neno mbele ya kila mtu na bado hakuna kitakachobadilika.

Alizoea, kama watu wanavyozoea. Mafundi wengine walikuja mmoja mmoja kuomba kinga, wengi wakiwatuma wake zao kwa kuona haya, na akawashonea. Swedi alichukua nne kwa watu wanaomtengenezea lori. Mkuu wa wauguzi alijua kwamba picha mbovu zinapungua kwenye pipa na alinyamaza, kwa sababu benchi lilikuwa limepungua pia. Lakini halikuisha. Daima alikuwapo aliyesema ile ni ya waoga, na Philomène alimlaza chali, akamtia matone, akachukua sindano.

Alikuwa na ndoto ya kuondoka. Dada yake wa Kikula alikuwa na kiwanja, na Philomène alipiga hesabu ya matofali mara nyingi bombani, akihesabu kwa vidole. Kila mwaka kulikuwa na sababu: mtoto wa nne kaingia shule, Hortense yuko karibu kumaliza, Hilaire hawezi kupata kazi kwingine kwa jicho moja, na yeye akiondoka nani atamsemea. Alipanda mchicha nyuma ya nyumba ambayo si yake, akapaka chokaa kuta ambazo si zake.

Mwaka 1979 Kisimba alihamishiwa Kakanda. Siku alipoondoka, Philomène alifagia ua wote, akasogeza kamba ya nguo katikati, pale gari lilipokuwa likisimama, akaanika mashuka yote ya nyumba. Jumapili ile baada ya misa Hilaire alikaa kwenye kiti kivulini, mikono mapajani, hajui afanye nini. Walikula nje. Sisi majirani tuliwaona wakizungumza mpaka alasiri, jambo ambalo hatukuwa tumeliona kwao tangu gari lile lilipoanza kuja.

Mkuu mpya aliitwa citoyen Mwilambwe, kijana aliyesoma, mwenye adabu. Jumamosi ya tatu tangu afike, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, watu wakiwa bado na mafyekeo mikononi, alikuja kwa Volkswagen nyekundu akiwa na mke wake, akauliza nyumba ya fundi Hilaire ni ipi. Alimsalimia Philomène kwanza, akamwita mama. Alisema amesikia sifa za mume wake, na kwamba klachi inamsumbua. Aliomba kwa heshima sana, mara moja tu.

Hilaire alimtazama mke wake. Philomène alikwenda kwenye kamba, akaanza kuondoa nguo, moja moja, ili gari lipate nafasi ya kuingia.